Mboga za Baba Triza

Wekulo alikata tonge la ugali, akalichovya kwenye sukuma wiki, akatafuna mara moja, kisha akaacha kutafuna. Alikaa hivyo na chakula shavuni, akimtazama mkewe kama mtu anayesubiri kuelezwa jambo.

"Hii ni nini?"

"Ni mboga, Baba Triza."

"Kwamba ni mboga naona. Nauliza, umenipikia ama umenichemshia kama soksi?"

Swali hilo Khavere alilitarajia tangu asubuhi, walipokuwa bado hospitalini na daktari akizungumza nao wote wawili. Daktari alikuwa kijana mpole. Alikunja ngumi yake akaifungua polepole kuwaonyesha jinsi moyo wa Wekulo ulivyochoka: umetanuka, hausukumi damu kama zamani. Chumvi hushika maji mwilini, alisema, na maji yakizidi hupanda mpaka kwenye mapafu, na mtu anaweza kuzama akiwa ameketi kitandani kwake. Neno hilo la kuzama lilimwingia Khavere, likakataa kutoka. Wekulo yeye aliondoka na neno moja tu, chumvi.

"Amesema hata ya kuonja usiguse. Ulimsikia mwenyewe."

"Nilimsikia. Lakini yeye hali hii."

Akatema lile tonge kiganjani, akaliweka ukingoni mwa sahani, akavuta bakuli la maji, akanawa. Khavere alimtazama akinawa kidole baada ya kidole. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mume huyu akinawa mikono na sahani bado imejaa. Wekulo alikuwa mtu wa kula. Maisha yake yote Nairobi alibeba magunia kwenye kiwanda cha plastiki kule Industrial Area, na kila jioni alipanda ngazi za jengo lao la Kware mpaka orofa ya tano akiuliza kabla ya kusalimu, "Leo kumepikwa nini?" Na Khavere, aliyeuza mboga kwenye kibanda langoni pa jengo lilo hilo, aliishi kwa ajili ya swali hilo. Wanawake wa kanisa walimwita kila palipokuwa na harusi au matanga, aje aonje sufuria kubwa na kusema kama imekolea.

Sasa alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya pazia lililogawa chumba chao, mbele ya chakula ambacho hata yeye hangethubutu kumpa mgeni.

Siku zilizofuata alijaribu alivyojua. Alichemsha maharagwe kwa nyanya nyingi. Aliongeza vitunguu hata macho ya jirani yakawasha. Wekulo alionja, akanawa. Kila alipogeuka kwenda kuchota maji, alimkuta mumewe amesimama mbele ya kabati ndogo ya vyombo, anapapasa. Mwishowe alishuka na kopo la chumvi, akamkabidhi Ruqiyo, mama wa Kisomali aliyekuwa na duka la maziwa na chai pale chini.

"Nikuwekee mpaka lini?" Ruqiyo akauliza.

"Mpaka nikuambie."

Kuanzia siku hiyo na yeye akala bila chumvi. Hakuna aliyemlazimisha. Aliona haya tu kumlazimisha mtu kitu ambacho mwenyewe hali.

Wekulo alizidi kupungua usoni huku miguu ikizidi kujaa. Dawa alimeza tumbo likiwa tupu, kisha akalala akiutazama ukuta.

*

Triza alifika Jumapili baada ya ibada, amebeba kitu kizito kilichofungwa kwa leso. Alikuwa binti yao wa pekee, mfanyakazi wa nyumbani kwa mama mmoja kule Njiru, kwenye zile nyumba mpya za barabara ya Kangundo. Alipofungua leso, Khavere aliona chombo cheusi cha mviringo, chenye droo kama ya kabati na kitufe cha kuzungusha.

"Inaitwa air fryer, Mama. Kikaangio cha hewa. Haitaki mafuta mengi, haitaki maji. Mama wa Njiru amenunua kubwa zaidi, hii akaniambia nichukue."

"Na mimi niifanyie nini?"

"Mama, yule mama ana presha. Tangu nianze kazi kwake hajaonja chumvi, na mimi ndiye humpikia. Na anamaliza sahani."

Khavere aliusikia mwiba mdogo ndani ya maneno hayo, ingawa Triza hakuukusudia. Mtoto aliyemfundisha kushika mwiko alikuwa amekuja kumfundisha kupika.

"Lete," akasema. "Kupika ni kupika."

Akasuuza sukuma wiki, akaikata nyembamba kama kawaida yake, akaijaza ile droo na kuwasha. Mashine ilivuma. Baada ya muda kidogo walisikia kitu kikigongagonga ndani, kisha moshi ukatoka nyuma. Walipovuta droo, majani yalikuwa yamerushwa juu na upepo wa moto, mengine yameng'ang'ania kwenye chuma na kuungua, mengine yamekauka kama tumbaku. Kitandani, Wekulo alifungua jicho moja, akalifumba.

"Majani mepesi hayawezi, Mama," Triza alisema taratibu. "Ungeniuliza."

"Basi nimekuuliza."

Triza akainuka, akafunga leso kiunoni. Alikata malenge vipande vya unene wa kidole, karoti, biringani na pilipili hoho. Akavipaka mafuta kidogo kwa mkono, akaponda vitunguu saumu, kisha akatoa kwenye mkoba wake mfuko wa majani mabichi. Kulikuwa na rosmari, majani membamba magumu kama sindano, aliyoikata uani kwa mwajiri wake, na rehani, na shada la dhania.

"Rosmari inaingia mapema, inavumilia moto. Dhania na rehani ni mwisho, zikiwa mbichi, la sivyo zinaungua zinakuwa chungu. Halafu ndimu. Ndimu inaudanganya ulimi."

"Inaudanganyaje?"

"Ulimi unatafuta ukali. Ukiupa huu wa ndimu, unasahau kidogo ule mwingine."

Mashine ikavuma tena. Harufu ilianza kwa vitunguu saumu, kisha ikaja ile ya rosmari, harufu ya msituni, ikajaa chumba mpaka nyuma ya pazia. Khavere aliona mgongo wa mumewe ukitulia, kama wa mtu anayesikiliza. Triza alipomwaga mboga kwenye sahani, malenge yalikuwa yameiva kwa rangi ya asali kwenye kingo. Akanyunyizia dhania, akakamua ndimu.

"Baba, amka uonje. Ukikataa nitaila mimi."

Wekulo aliamka kwa sababu ni Triza aliyesema. Alichukua kipande cha biringani kwa vidole, akatafuna akiwa amefumba macho. Akachukua kingine.

"Sio chakula chetu hiki," Wekulo alisema. Kisha akachukua cha malenge. "Lakini kina kitu."

Alikula nusu ya sahani. Khavere aligeuza uso akajifanya anapanga vikombe, maana hakutaka binti yake aone machozi yake kwa ajili ya malenge.

*

Mashine ilidumu chumbani humo siku chache tu. Jioni moja, watu wakiwa wametoka kazini na kila mlango una kitu kinachowaka, Khavere alizungusha kitufe na giza likaanguka orofa nzima. Milango ikafunguliwa. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mathee, stima imeenda tena! Nani huyo?"

Ndirangu, keyateka aliyesimamia jengo, alipanda na tochi ya simu. Alikuwa mtu mwenye masikio ya kusikia koili ikichemsha maji kupitia ukuta. Akapita mlango kwa mlango, akisimama kunusa, mpaka akafika kwa Khavere, ambako harufu ya rosmari ilikuwa imemtangulia.

"Mama Triza. Sheria ya ploti unaijua. Hita hapana, koili hapana. Hii ni nini?"

"Ni ya mgonjwa, Ndirangu."

"Kila nyumba hapa ina mgonjwa. Wote wakileta mashine si jengo litawaka?"

Akaingia, akaichomoa, akaitoa nje kwenye korido na kuiinua juu, tochi ikiimulika, kama polisi aliyekamata pombe ya chang'aa. Majirani walijaa. Mwanamke wa mlango wa pili alisema mtoto wake anasomea gizani kwa sababu ya watu wanaojiona wazungu. Mwingine akacheka, "Kumbe ndiyo hiyo harufu! Mimi nilidhani ni dawa ya nywele." Khavere alisimama katikati yao na leso ya kupikia begani, yeye ambaye wengi wao walikuwa wamekula chakula chake wakaomba kuongezwa.

"Naomba tu, jamani. Ni kwa muda mfupi kila siku. Nitapika mchana, hakuna anayetumia stima mchana."

"Sheria haina mchana wala jioni," Ndirangu alisema.

Ndipo Wekulo akatokea mlangoni. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, miguu imevimba, shati halijafungwa. Majirani walikuwa hawajamwona tangu augue, na kila mmoja alimtazama akilinganisha na yule mtu mnene waliyemjua.

"Chukua tu, Ndirangu," alisema. "Mimi sikuiomba."

Akarudi ndani. Khavere alihisi kama ameangushwa na mtu aliyekuwa amembeba. Ndirangu naye alikuwa ameona ile miguu, na alikuwa na baba yake mzee kule Nyeri. Akasimama kidogo, akaiweka mashine sakafuni taratibu kuliko alivyoiinua.

"Siichukui," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nikiisikia tena humu, mwenye nyumba atanifuta kazi mimi."

Asubuhi yake Khavere aliibeba mashine mpaka kwa Ruqiyo. Duka lilikuwa na stima yake kwa ajili ya friji za maziwa. Alikuwa amepanga maneno mengi ya kubembeleza, lakini Ruqiyo hakuyangoja. Alisukuma birika la chai kando, akapangusa kaunta.

"Weka hapo. Baba Triza anakula saa ngapi?"

*

Hivyo ndivyo ulivyokuja ule wakati mzuri, ambao Khavere baadaye aliushangaa jinsi ulivyokuwa mfupi. Kila mchana aliacha kibanda, akapika kwa Ruqiyo, akafunika sahani kwa kitambaa na kupanda nayo ngazi zote, akikazana ifike ikiwa moto. Aliijua mashine sasa. Alijua mishiri, yale maharagwe mabichi ya kijani, hukauka ikiachwa, kabeji hupata utamu ikiungua kidogo kingo, na koliflawa ambayo hakuna mtu aliyeinunua kwenye kibanda chake hugeuka kitu kingine kabisa ikipata rehani na ndimu. Triza alileta rosmari kila Jumapili.

Kuichambua rosmari ikawa kazi ya Wekulo. Alikaa kitandani na sahani mapajani, akishika kijiti kwa ncha na kuvuta majani kinyume, taratibu, kwa mikono iliyokuwa imezoea magunia.

"Nimekuwa mke wa pili humu ndani," alisema siku moja, bila uchungu mwingi.

"Mke wa pili hachambui vizuri hivyo."

Uvimbe ulishuka. Viatu vikamwingia. Siku moja Khavere alimkuta ameketi kwenye ngazi za orofa ya nne, amejishukia mwenyewe, anasalimiana na watu.

"Ulimwambia Ndirangu achukue mashine ile," Khavere alimwambia jioni hiyo. Alikuwa amelibeba neno hilo siku zote hizo. "Mbele ya watu wote. Uliniacha peke yangu."

Wekulo alichambua kijiti kizima cha rosmari, akakiweka kando.

"Wewe unajua kusimama mbele ya watu ukaomba," alisema mwishowe. "Mimi sijui. Nikiona wananiangalia hivyo, nasema lolote ili waache kuniangalia."

Khavere aliyachukua maneno hayo kama ya kuomba radhi, ingawa hayakuwa.

*

Wageni walifika Jumamosi, kutoka nyumbani Lugari. Luseno, kaka mkubwa wa Wekulo, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito na kofia asiyoivua. Sally, dada yao, ndiye aliyemlea Wekulo mama yao alipofariki, ingawa alimzidi umri kidogo tu. Alikuja amembeba jogoo hai kwenye kikapu. Safari nzima alikuwa amemshika mapajani akiwaza jinsi ndugu yake atakavyofurahi.

Alipomwona Wekulo, Sally aliketi kitandani, akamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikutana.

"Mulamwa," alimwambia Khavere, wifi yake, bila kumtazama, "huyu anakula nini?"

Khavere akaeleza. Alieleza moyo, maji, mapafu. Aliteremka akapika, akarudi na sahani bora kuliko zote alizowahi kupika: malenge, hoho nyekundu, biringani, dhania imetapakaa juu. Aliiweka mezani kwa fahari aliyoshindwa kuificha. Luseno alichukua kipande, akatafuna, akamtazama dada yake.

"Hii imesahauliwa chumvi."

"Haikusahauliwa. Ndivyo anavyokula."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na anaendelea vizuri, mulamwa. Ungemwona mwanzoni."

"Mtu mzima analishwa majani na ndimu," Luseno alisema, "halafu tunauliza kwa nini amekonda."

Khavere alimtazama mumewe, akingoja. Neno moja tu lingetosha. Wekulo aliwatazama ndugu zake, akaona jinsi walivyomwangalia, akatabasamu upande mmoja.

"Mke wangu amenifuga kama mbuzi, kaka. Bado tu kunifunga kamba."

Chumba kikaangua kicheko. Na Wekulo mwenyewe akacheka, kicheko kile cha zamani kilichotoka tumboni, ambacho Khavere hakuwa amekisikia tangu siku ya hospitali. Sally akainuka akifuta macho. "Leo mbuzi anapumzika," alisema. "Jogoo huyu ni wako."

Alimchinja kwenye bomba la maji pale korido, akampika kwa jiko la gesi la Khavere. Alikuwa amekuja na chumvi yake kwenye mfuko, na viungo vya mchuzi vya pakiti, na alitia kwa kiganja kama walivyofundishwa na mama yao. Khavere alisimama kando yake.

"Mtolee yake kwanza, kabla hujatia. Tafadhali, Sally."

"Mulamwa, nimemlea huyu mtoto. Mchuzi wa siku moja utamfanya nini?"

"Daktari alisema..."

"Unatuhesabia chumvi?" Luseno aliuliza toka kwenye kiti. "Tumetoka mbali. Tuache tule na ndugu yetu."

Khavere alimgeukia Wekulo. "Baba Triza. Usile. Nakuomba mbele yao."

Alikuwa amefanya lile ambalo Wekulo alisema yeye analijua, kusimama mbele ya watu akaomba. Wekulo aliinamisha macho. Kwa kitambo alionekana kama atakayesema kitu. Kisha Sally akaweka bakuli mbele yake, mvuke ukapanda, na mkono wake ukaenda.

Alikula kama mtu aliyerudi nyumbani. Alikunywa mchuzi, akaomba mwingine. Alisimulia habari za utoto, mto wa kwao, mbwa aliyewahi kuiba nyama ya pasaka. Sally alimtazama akila, uso wake ukang'aa kama wa msichana. Khavere alikaa kwenye kigoda karibu na pazia. Sahani yake ya mboga ilipoa mezani, dhania ikanyauka, na hakuna aliyeigusa tena.

*

Kulipopambazuka, Wekulo hakuweza kulala chali. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, akivuta pumzi kwa sauti ya maji yanayochemka. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Khavere alimwamsha Luseno aliyelala sakafuni, akatoka koridoni akipiga milango. Mwanamke wa mlango wa pili ndiye aliyetoka kwanza. Ndirangu akapanda akikimbia na kiti cha plastiki.

Walimketisha, wakamfunga kwa leso ya Khavere asianguke, na wanaume wanne wakaanza kumteremsha. Ngazi zilikuwa nyembamba. Kila pembe walilazimika kukiinamisha kiti, na kila kilipoinama Wekulo alishika nguo ya mkewe aliyetembea kando yake akijibana ukutani. Kwenye orofa ya tatu waliweka kiti chini kupumzika. Akamvuta Khavere, akainama.

"Sikutaka..." Pumzi ikakatika, akaitafuta. "Sikutaka wanione nimekuwa mtoto."

"Usiongee. Pumua tu."

"Mboga zako..."

Wanaume wakainua kiti, naye hakumaliza. Khavere hakujua kamwe alichotaka kusema juu ya mboga zake. Baadaye alijaribu kumalizia sentensi ile kwa njia nyingi, na hakuna iliyomtosha.

Hospitalini walimwekea oksijeni na sindano ya kutoa maji. Daktari mwingine, mwanamke aliyekuwa amechoka, aliuliza amekula nini jana. Khavere akasema, kuku. Daktari akauliza kama alikuwa na chumvi. Luseno alikuwa amesimama nyuma yao. Alivua kofia yake, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Sally hakuwepo, alikuwa amebaki na Triza, aliyeitwa kwa simu toka Njiru, kwenye benchi nje, akiomba.

Wekulo alifariki kabla ya adhuhuri.

*

Mkutano wa matanga ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Ruqiyo alileta maziwa ya chai bila kuulizwa, akaketi nyuma kabisa. Mambo ya safari ya kwenda Lugari yalipokwisha kupangwa, Luseno aliombwa aseme neno kama mkubwa wa familia. Alisimama, akasifu bidii ya ndugu yake. Kisha akasema jambo ambalo huenda hakuwa amelipanga, ila huzuni na woga vilikuwa vikitafuta mahali pa kutua.

"Tulimkuta amekonda hata hatukumjua. Sisi hatumlaumu mtu. Lakini ndugu yetu alikufa na njaa ya chakula cha kwao."

Vichwa kadhaa viligeuka kumtafuta mjane, kisha vikainama. Triza aliruka wima. "Baba Mkubwa, hapana! Mseme ukweli, ni nani aliye..."

Khavere alimshika sketi akamvuta chini. Triza alivutana naye.

"Mama, wanakusingizia!"

"Keti."

"Kwa nini unawaacha?"

"Keti, Triza. Baba yako bado hajazikwa."

Triza aliketi akalia kwa hasira. Khavere alitazama mbele. Mwilini mwake ukweli ule ulikuwa umekaa kama jiwe la moto, na maneno yote alikuwa nayo, yamepangika, pamoja na jina la aliyepika na jina la aliyekaripia. Alijua akiyasema yatakuwa ya kweli. Alijua pia kwamba hakuna hata mmoja ukumbini ambaye angeweza kuyafanya kitu, isipokuwa kuyabeba mpaka Lugari na kuyarudisha.

Asubuhi ya safari, wanaume walipokwenda kuuchukua mwili, Khavere alibaki chumbani akikunja nguo za mumewe. Sally aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Tangu siku ile alikuwa haongei. Macho yalikuwa yamevimba, na kilemba amekifunga ovyo. Alisimama karibu na jiko la gesi kana kwamba haruhusiwi kusogea zaidi.

"Luseno amekataa kuniambia daktari aliuliza nini," alisema. "Nimemwuliza, anaondoka. Triza haniangalii usoni."

Khavere aliendelea kukunja shati.

"Ni ule mchuzi," Sally akasema. "Sivyo?"

Khavere aliliweka shati juu ya mengine. Aliketi kitandani. Aliwaza siku zote alizopanda ngazi zile na sahani iliyofunikwa. Aliwaza kicheko kile, na namna alivyokichukia, na namna ambavyo sasa angetoa chochote akisikie.

"Moyo wake ulikuwa umechoka, Sally. Daktari alishasema tangu mwanzo."

"Usinifiche. Mimi ndiye niliyemlea."

"Sikufichi." Alinyoosha kola ya lile shati. "Ndiyo. Ni ule mchuzi."

Sally alishuka polepole mpaka akaketi sakafuni, mgongo ukiegemea kabati ya vyombo. Hakupiga ukunga. Alishika mdomo kwa mikono yote miwili, na sauti ikatoka puani, nyembamba, kama ya mtoto anayeogopa kuamsha watu. Khavere alimwacha. Hakuwa na nguvu ya kumfariji, wala hakutaka. Lakini hakuondoka.

"Ungenipokonya ile sufuria," Sally alisema alipoweza kusema. "Ungeimwaga. Ungenipiga hata."

"Ningekupokonya, ungeniachia?"

Chini kabisa gari lilipiga honi, na sauti ya Ndirangu ikasikika akiwaambia watu wapishe lango. Sally aliutazama mkono wake wa kulia, kiganja kikiwa wazi.

"Hapana," alisema. "Nisingekuachia."

Khavere aliitikia kwa kichwa, akavuta rundo la nguo lililobaki, akalisogeza mpaka katikati yao wawili. Sally akachukua suruali ya juu, akaipangusa, akaanza kukunja.